Jembe linalokunjika kabla ya palizi

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumzie kero ambayo huturudia sisi wakulima wadogo wa Nyanda za Juu Kusini kila mwaka mvua zinapokaribia, kisha husahaulika mahindi yakishabeba. Nayo ni ubora wa majembe, mapanga, mashoka na mabomba ya kupulizia dawa tunayouziwa madukani na magulioni. Magazeti yetu huandika sana, na kwa haki kabisa, kuhusu mbolea ya ruzuku na mbegu feki, lakini jembe la mkono, ambalo ndilo hutangulia shambani kabla ya mbegu na mbolea, halizungumzwi, kana kwamba majembe yote ni mamoja.

Si mamoja hata kidogo. Jembe zuri hufuliwa kutoka kipande kimoja cha chuma chenye kaboni ya kutosha, na tundu la mpini hutengenezwa katika kipande hicho hicho. Baadaye bapa hupashwa moto mpaka liive, likazamishwa katika mafuta au maji ili likaze, kisha likapashwa tena kwa moto wa kiasi, maana chuma kilichokaa kigumu kupita kiasi hukatika kama kigae. Jembe bovu hukatwa tu kutoka bati nene la chuma laini, pete ya mpini ikachomelewa juu yake, na vyote vikafunikwa rangi inayong'aa na karatasi yenye picha ya mnyama. Yakiwa yamepangwa dukani huwezi kuyatofautisha, na muuzaji mwenyewe, ambaye naye ameyanunua kwa jumla mjini, mara nyingi hajui alichonacho.

Tofauti huonekana shambani. Ncha ya jembe laini ikikutana na kisiki au changarawe hujikunja kuelekea nyuma, mkulima akalilaza juu ya jiwe na kuligonga linyooke, na kesho yake likajikunja pale pale, mpaka sehemu hiyo inachoka na kumeguka. Yale ya kuchomelea yana ugonjwa wao: mshono hufunguka ghafla, bapa likabaki ardhini na mpini mkononi. Msimu uliopita nililinunua la namna hiyo katika duka moja la mji wetu, na lilipofunguka nilikuta kwamba fundi alikuwa amegusisha moto pande mbili tu za pete, huku upande wa tatu ukiwa umezibwa kwa rangi.

Tuchukue mfano wa hesabu. Tuseme jembe bovu linauzwa shilingi 7,000 na zuri shilingi 14,000. Anayenunua bovu na kulazimika kulibadilisha kila msimu atakuwa ametumia shilingi 28,000 katika misimu minne, wakati jirani yake bado analima na lile la shilingi 14,000, ambalo limepungua urefu kwa kunolewa lakini halijafa. Na hapo sijahesabu siku zinazopotea wakati wa kupanda, ambazo mkulima wa mahindi anayetegemea msimu mmoja wa mvua hawezi kuzirudisha kwa fedha yoyote.

Wapo watakaosema kwamba rahisi huvunja upishi, na kwamba mkulima ajilaumu mwenyewe. Msemo huo naujua, ila unamfaa mtu mwenye nafasi ya kuchagua. Mama anayeingia dukani mwezi wa Novemba akiwa na shilingi 8,000 zilizobaki baada ya mbegu na ada za shule hachagui ubora, ananunua kinachotoshea mfukoni. Hata yule mwenye shilingi 14,000 hana namna ya kujua kama analipia chuma kizuri au rangi nzuri zaidi, kwa hiyo anaona afadhali ahasarike kidogo kuliko kuhasarika sana. Soko ambalo mnunuzi hawezi kupambanua hugeuka mahali pa kumfukuza mtengenezaji mwaminifu, kwa kuwa chuma chake kizuri kinamgharimu zaidi na hakuna anayemwamini akisema hivyo.

Hali ni hiyo hiyo kwa mabomba ya mgongoni ya lita 16 tunayotumia kwenye kahawa na nyanya, na hapo kinachoniudhi zaidi ni vipuri. Bomba huacha kusukuma dawa kwa sababu ya washa moja ya mpira iliyolika, kitu kidogo kuliko sarafu, lakini washa hiyo haiuzwi popote, kwa kuwa kila shehena inayoingia ina vipimo vyake. Vijana wetu hukata washa kutoka kandambili au mpira wa tairi. Hufanya kazi kwa muda, halafu dawa huanza kuvuja na kumwagikia mgongo wa mpuliziaji, jambo ambalo ni hatari kwa afya yake. Kwa kukosa kipuri kidogo, chombo kizima hutupwa. Sufuria nyembamba zinazobonyea zikiwa bado na unga wa kwanza sitaki hata kuzigusia, akina mama wanazijua kuliko mimi.

Haikuwa hivi siku zote. Nchi hii iliwahi kuwa na kiwanda cha zana za kilimo pale Ubungo, Dar es Salaam, UFI (Ubungo Farm Implements), kilichojengwa kwa msaada wa China, na huku kwetu kulikuwa na ZZK, Zana za Kilimo Mbeya. Sisemi kwamba vilikuwa viwanda vya ajabu. Yalikuwa mashirika ya umma yenye matatizo ya mashirika ya umma, na kuna miaka majembe yalipatikana kwa foleni. Lakini jembe likivunjika lilijulikana limetoka wapi, na lawama ilikuwa na mlango wa kubisha. Na tukirudi nyuma zaidi, jirani zetu Wafipa wa Rukwa walikuwa wakiyeyusha chuma chao wenyewe katika matanuri marefu ya udongo waliyoyaita malungu, wakafua majembe. Hapa Mbozi tuna kimondo ambacho karibu asilimia 90 ni chuma, na wageni huja Ndolezi kukipiga picha, huku wenyeji tukipita kando yake tumebeba majembe ya bati.

Ombi langu la kwanza nalielekeza kwa Shirika la Viwango Tanzania, TBS, na Wakala wa Vipimo. Shirika lina utaratibu wa kukagua bidhaa kabla hazijasafirishwa kuja nchini, na hilo ni jema, lakini ukaguzi huo peke yake hautoshi kwa bidhaa inayouzwa mpaka kwenye gulio la kijiji. Naomba kila jembe, panga na shoka, liwe la nje au la ndani, ligongwe muhuri ndani ya chuma chenyewe, si kwenye karatasi inayobanduka, ukionyesha uzito, jina la mtengenezaji na kama limefuliwa au limechomelewa. Wakaguzi wakipita magulioni mwezi wa Septemba na Oktoba na tupa ya kunolea mkononi, dakika chache zinatosha: tupa huteleza juu ya makali yaliyokazwa, na kwenye chuma laini huuma na kutoa unga. Serikali imekwisha kusamehe kodi ya ongezeko la thamani kwa zana nyingi za kilimo, na sioni ubaya wa kudai kwamba msamaha huo uendane na kiwango, badala ya kuwanufaisha sawasawa aliyeleta chombo na aliyeleta takataka.

Ombi la pili linawahusu wahunzi, ambao naona wanadharauliwa bila sababu. Mhunzi mzuri wa kijijini hufua jembe kutokana na springi ya lori iliyokatika, na springi hiyo ni chuma bora kuliko bapa nyingi za dukani, maana ilitengenezwa ibebe tani za mizigo ikijikunja na kunyooka. Anachokosa ni malighafi ya uhakika, kwa sababu wanunuzi wa vyuma chakavu humtangulia na kuzipakia zote kwenda kuyeyushwa kuwa nondo, na anakosa pia tanuri linalomwezesha kupima joto badala ya kukisia kwa macho. SIDO imekuwapo tangu mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo kama hivi, na CAMARTEC, kituo cha serikali kilichoko Arusha, kina wataalamu wa zana za kilimo. Halmashauri nazo hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kikundi cha vijana wahunzi kingepewa mkopo huo ungeonekana umefanya nini, tofauti na bodaboda ambazo zimekwisha kujaa kila kijiwe.

La mwisho naliona jepesi kuliko yote, nalo halisubiri Dodoma. Vyama vyetu vya msingi vya ushirika, AMCOS, tayari hukusanya mahitaji ya pembejeo ya wanachama kabla ya msimu. Viongeze majembe na vipuri vya mabomba katika orodha hiyo, viandike sifa za chuma wanachotaka, vimtake muuzaji alete sampuli kwanza ipigwe kwenye jiwe mbele ya wanachama, na malipo yagawanywe, sehemu wakati wa kupokea na sehemu baada ya palizi. Muuzaji anayejua bidhaa yake ni nzima hatakataa masharti hayo, na mwanachama asiye na fedha taslimu mwezi wa Novemba anaweza kukatwa kidogo kidogo kahawa yake inapouzwa. Mkutano mkuu wa chama chetu unakaribia, na nimekwisha kumwomba katibu aiweke hoja hii kwenye ajenda. Wasomaji wa wilaya nyingine ambao vyama vyao vimewahi kununua zana kwa pamoja nawaomba waandike katika safu hii watueleze walivyofanya na bei waliyopata.

Mkulima na msomaji wako,
Mlowo, Mbozi, Songwe