Barua ya wazi kwa vijana wa ushirika wa kahawa wa Kalehe

Bukavu

Wanangu,

Nimepata habari kwamba mmejiandikisha kuwa ushirika, na kwamba jambo la kwanza katika ombi lenu kwa wafadhili ni kituo kipya cha kuoshea kahawa. Siwakatazi. Nawaomba tu mlitazame upya ombi hilo kabla ya kulituma, kwa sababu kinachoua ushirika katika milima yetu mara nyingi si ukosefu wa mashini, bali ni ukosefu wa fedha taslimu siku ile mkulima anapoleta matunda yake.

Biashara hii mnaijua. Mkulima akibanwa na karo ya shule au na mgonjwa, mchuuzi humkopesha, naye hulipa kwa kahawa ambayo bado ni maua mtini, kwa bei aliyoipanga mchuuzi mwenyewe. Msimu ukifika, kuanzia mwezi wa tatu hadi wa sita, kahawa hiyo si yake tena, hata kama mashini yenu ni mpya kiasi gani. Tena matunda mekundu hayangoji: yasipomenywa siku ileile yaliyochumwa, yanaanza kuchacha na ladha yake inaharibika. Mkimwambia mama aliyeshuka mlima na kikapu chake kwamba atalipwa kahawa ikishauzwa Ulaya, atarudi kuimenya nyumbani kwa jiwe, na usiku itavuka Ziwa Kivu kwenda Rwanda kwa mtumbwi, kama ilivyovuka kwa miaka mingi baada ya mkataba wa kimataifa wa kahawa kuvunjika mwaka 1989 na bei kuanguka. Watu wengi walizama katika safari hizo, na wajane wao mnaishi nao. Msiwaite wafanya magendo. Walikwenda palipokuwa na fedha mkononi.

Kwa hiyo anzeni na mfuko wa msimu, yaani fedha ya kumlipa mkulima siku ileile anapoleta matunda, na kwa hilo waulizeni mama zenu, ambao wanalijua kuliko sisi wazee tunaopenda kuhutubia. Katika MUSO zao, yaani vikundi vyao vya kuweka akiba na kusaidiana, kuna sanduku la kijani la mikopo, jekundu la kusaidiana katika ugonjwa na msiba, na la buluu la kupokea fedha inayotoka nje. Mpango huo una akili nyingi: msiba hauli fedha ya mikopo, na fedha ya mfadhili haichanganyiki na jasho la wanachama, hivyo kila mtu anajua kilicho chake na kilicho deni. Benki za hapa mjini zilipofunga milango mwaka 2025, mliona wenyewe shida ya mtu ambaye akiba yake yote iko mahali pamoja asipoweza kuifikia.

Hesabu zenu zisomwe kwa sauti mbele ya wote, kwa Kiswahili na kwa Kihavu, si kwa Kifaransa cha katibu peke yake. Sheria ya OHADA, yaani umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara, ambao nchi yetu ya Kongo iliingia mwaka 2012, inaruhusu hata watu watano kuunda ushirika, na ndiyo sababu hatukosi vyama vya mtu mmoja na shemeji zake wanne.

Kuna jambo la ardhi, ambalo ni zito zaidi. Wengi wenu mnalima kwa bwasa, yaani shamba la kukodi msimu kwa msimu, na mwenye shamba la bwasa hakubali mpande mti wa kudumu. Mkahawa unahitaji miaka mitatu au zaidi kabla ya kuzaa vizuri. Nendeni basi kwa machifu mkiwa kundi, mkaombe kalinzi, yaani haki ya kudumu ya kulima ardhi inayotolewa na chifu, na mapatano yaandikwe mbele ya mashahidi wa pande zote mbili, maana nimeona mtoto wa chifu akikana neno alilolitoa baba yake.

Wala msigeuze macho kuelekea msitu wa Kahuzi-Biega. Sheria ya Ulaya ya mwaka 2023 inakataa kahawa ya shamba lililofyekwa msituni baada ya tarehe 31 Desemba 2020, na itamtaka mnunuzi aonyeshe mahali hasa shamba lilipo. Tena baada ya yale yaliyotokea Bushushu na Nyamukubi mwezi wa tano mwaka 2023, maji na matope yaliposhuka na kuzika mamia ya watu, sidhani kama kuna anayehitaji mzungu amweleze kazi ya miti mlimani. Pandeni mikahawa pamoja na miti ya kivuli katika vilima vilivyokwisha kuwa vitupu.

Kuhusu ombi lenu: punguzeni kituo kiwe mashini ya mkono na meza za kuanikia, na fedha inayobaki muiombe kama mkopo wa msimu wa kuingia sanduku la buluu. Itisheni mkutano mkuu kabla ya mwezi wa tatu, mkubaliane bei ya kilo moja ya matunda mekundu, na muibandike penye soko ili mchuuzi naye aisome.

Mzee wenu