Viwanja vya AFCON 2027 vifikirie na jukwaa la muziki

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya maoni ya wasomaji nizungumzie jambo ambalo wengi huliona la starehe tu, lakini kwangu mimi, niliyefunga spika na taa za jukwaani kwa miaka kumi na tisa, ni la riziki na la ufundi. Nazungumzia ziara za kimataifa ambazo wanamuziki wakubwa huzifanya kila watoapo albamu mpya, na jinsi zinavyoizunguka dunia bila kukanyaga Afrika Mashariki.

Mfano ulio wazi ni wa Beyoncé. Albamu yake ya Renaissance ilitoka Julai 2022, na ziara ya kuinadi ikaanzia Stockholm, Sweden, tarehe 10 Mei 2023, ikahitimishwa Kansas City, Marekani, tarehe 1 Oktoba mwaka huohuo, baada ya maonyesho 56, yote ya Ulaya na Amerika Kaskazini. Maonyesho mawili ya Stockholm yalivuta mashabiki wengi kutoka nje ya Sweden, kiasi kwamba mchumi mmoja wa Danske Bank alikadiria kuwa kupanda kwa bei za hoteli huenda kulichangia takriban pointi 0.2 za asilimia katika mfumuko wa bei wa nchi ile kwa mwezi ule. Anayedhani muziki ni kelele za usiku mmoja na alitafakari hilo.

Wala si kwamba wanamuziki hawa hawatujui. Albamu ya Bad ya Michael Jackson, ya mwaka 1987, ina wimbo unaofunguliwa kwa maneno ya Kiswahili yaliyotamkwa na Letta Mbulu, mwimbaji wa Afrika Kusini. Ziara ya albamu hiyo ilikuwa na maonyesho 123, na hakuna hata moja lililofanyika Afrika. Februari 1992 Jackson alifika mwenyewe Dar es Salaam na kupokewa na Rais Ali Hassan Mwinyi, akaondoka, na ilipofika Juni ziara yake ya Dangerous ikaanza Munich, nayo ikapita bila kuligusa bara letu. Mwaka 2019 Beyoncé naye alitoa wimbo unaoanza kwa Kiswahili cha kumtakia mfalme maisha marefu. Lugha yetu imesafiri na nyimbo hizo hadi kwenye viwanja ambavyo sisi wenyewe tumeviona kwenye televisheni tu.

Hoja inayosemwa mara nyingi ni kwamba watu wetu hawana fedha ya kiingilio. Sikatai kwamba fedha ni ngumu, lakini Uwanja wa Benjamin Mkapa, wenye viti 60,000, nimeuona ukijaa pomoni Simba na Yanga zinapokutana, na watu wakabaki nje. Naamini kikwazo kingine kiko kwenye majengo, na hicho sisi mafundi tunakutana nacho kabla ya shabiki yeyote.

Nitaeleza kisa kimoja. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa katika kikosi kilichofunga mitambo kwa ajili ya mwanamuziki wa kigeni, katika uwanja ambao sitautaja. Malori yalifika alfajiri, na lori la kwanza lilipokaribia lango tukaona kwamba kontena limezidi urefu wa boriti ya juu ya lango kwa kama shubiri mbili. Hapakuwa na lango jingine. Tukafungua makontena barabarani, tukaita vijana waliokuwa na mikokoteni ya kuuzia maji, na makasha ya spika, taa na nyaya yakaingizwa moja moja, mawili mawili, kuanzia asubuhi hadi saa tisa alasiri. Tulipomaliza kupandisha spika mvua ikanyesha, nami nikalala kifudifudi juu ya mikisa, yaani mtambo wa kuchanganyia sauti, kwa zaidi ya nusu saa nikiikinga kwa mwili wangu na kipande cha turubai, kwa sababu jukwaa halikuwa na paa linalofika pale. Onyesho lilianza usiku wa manane likiwa na nusu ya taa zilizokusudiwa. Meneja wa ufundi wa mgeni yule alikuwa muungwana, hakumlaumu mtu, ila nilimwona akipima lango kwa futi ya mkononi na kuandika kwenye daftari lake. Najua vipimo vile vilipelekwa wapi, kwa maana mapromota wa ziara hizi huulizana kuhusu kila uwanja kabla ya kupanga ratiba.

Ziara ya viwanjani huwa na majukwaa ya chuma mawili au matatu yanayopishana njiani: moja linapotumika, jingine tayari linasimamishwa katika mji unaofuata. Lori likichelewa siku moja, mji wa tatu nao huathirika. Ndiyo maana lango fupi, umeme usiotosha, au nyasi zisizo na sakafu ya kuzifunika, hutosha kuufuta mji kwenye ratiba, hata kama mashabiki wake ni wengi kama mchanga wa pwani.

Jirani zetu wa Rwanda wameonyesha njia. Ukumbi wa BK Arena wa Kigali, wenye nafasi ya watu wapatao 10,000, ulifunguliwa mwaka 2019, na watu wengi huujua kwa mpira wa kikapu. Kwa kuwa una paa na unaweza kubeba mitambo mikubwa, Kendrick Lamar alitumbuiza humo Desemba 2023 na John Legend akafuata Februari 2025, katika mpango wa Move Afrika unaokusudia kujenga njia ya kudumu ya ziara barani mwetu. Nilikuwa na vijana wawili niliowafundisha kazi. Wote sasa huenda Kigali kufanya vibarua vya jukwaani, na hunipigia simu kunieleza mambo ambayo mimi mwalimu wao sijapata kuyagusa.

Mhariri, nchi za Tanzania, Kenya na Uganda zitaandaa AFCON 2027 kwa pamoja, na kwa ajili hiyo kuna viwanja vipya, ukiwamo wa Arusha wa watazamaji 30,000 na wa Talanta jijini Nairobi wa watazamaji 60,000. Baada ya mashindano hayo ya wiki chache, viwanja hivyo vitadumu miaka mingi. Naziomba wizara husika na wakandarasi wawaite mafundi mitambo na waandaaji wa matamasha wawasikilize wangali na nafasi ya kurekebisha: kila uwanja uwe na lango moja ambalo lori lenye kontena refu litapita hadi uwanjani, laini ya umeme wa jukwaa iliyotengwa na ya taa za mpira, na sakafu ya kufunika nyasi inayopitisha hewa, ili wenye timu wasituone maadui wa kiwanja chao. Kwa upande wa lango, mita tano za urefu wazi zinatosha, na niko tayari kwenda kupima mwenyewe bila malipo.

Fundi mitambo,
Temeke, Dar es Salaam