Pomboo wa Shimoni hawahami wakati wa kusi

Mhariri,

Nimekuwa msomaji wenu wa kimya miaka mingi, lakini ile taarifa yenu iliyodai kwamba pomboo wa Shimoni, huku pwani ya kusini ya Kenya, huondoka upepo wa kusi ukiingia imenitoa kimyani. Anayeondoka ni mtalii. Mei na Juni bahari ya Kisite huchafuka, boti nyingi hufungwa, na wanaohesabu pomboo wanabaki nchi kavu. Kaskazi ikitulia, boti zinajaa, basi tunaambiwa pomboo wamerudi!

Tena mlichanganya pomboo wa aina mbili. Wale wanaorukaruka huko nje karibu na visiwa vya Mpunguti ni wengine. Yule mwenye nundu mgongoni hukaa maji ya kina kifupi, huingia hadi kwenye mikoko, na ndiye aliyeorodheshwa kimataifa kuwa hatarini kutoweka. Huyo ndiye jirani wa bandari mpya ya uvuvi. Julai iliyopita, kusi imepamba moto, nilikuwa nainua madema, mitego yangu ya samaki, kwenye mkondo kati ya Shimoni na Wasini, akaibuka mmoja karibu na mtumbwi, pezi lake limekatika nchani, ana mtoto ubavuni. Ikaja boti ya mizigo mbio, ikapita katikati yao. Mama akazama upande mmoja, mtoto akabaki juu akizunguka palepale huku mafuta ya injini yakitanda. Nilipiga kelele mpaka sauti ikanikauka. Nahodha akanipungia mkono, akidhani namsalimu. Kisha mtu akae ofisini aandike kwamba miezi hiyo hakuna pomboo?

Na jarife nazo, zile nyavu kubwa za kunasia samaki! Zinatupwa jioni, zinalala majini usiku kucha. Pomboo anavuta hewa kama sisi. Akinasa, anakufa kwa kukosa pumzi. Hilo hamkuligusa.

Uingereza, kabla ya kupigilia nguzo baharini, mwangalizi hutazama maji kwa nusu saa, na mnyama akionekana ndani ya mita 500 kazi haianzi. Mwongozo huo uletwe hapa. Tena vifaa vya kunasa sauti vizamishwe karibu na gati mwaka mzima, kusi na kaskazi, kwa sababu pomboo husikika hata bahari ikichafuka. Na sisi wavuvi wa madema tupewe daftari: tarehe, upepo, bamvua (maji makubwa) au maji mafu, idadi ya pomboo, wana watoto au hawana. Tunatoka kila msimu. Mtume mwandishi Juni, nitampakia mtumbwini mwenyewe.

Mvuvi wa madema,
Wasini