Isikilize tangu mwanzo

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, natumaini nawe hujambo.

Umeniuliza uanze na albamu gani, na swali hilo limenifurahisha mno. Anza na The Miseducation of Lauryn Hill, ya mwaka 1998, ya Lauryn Hill, mwanamuziki wa Marekani anayeimba na kufoka (kurap). Najua vibao vyake umeshavisikia, lakini kusikia kibao kimoja kimoja si kuijua albamu hii. Iweke tangu mwanzo. Kengele ya shule inalia, mwalimu anaita majina, na la Lauryn linapofika hakuna anayeitikia. Mara anaingia na Lost Ones, anafoka kwa hasira juu ya mdundo wenye harufu ya Jamaika (sehemu ya albamu ilirekodiwa Kingston, studio ya Tuff Gong). Unaofuata ni Ex-Factor, na mwanamke yule yule sasa anaimba soul, uchungu umemjaa kooni.

Wengi humsifu kwa kuchanganya hip hop, soul, rege na injili, kana kwamba alikuwa anaonyesha ufundi. Mimi naona kila mtindo ulikuja kwa sababu yake. Akikasirika anafoka, akiumia anaimba, akishukuru anaita kwaya.

Sikia To Zion. Ana mimba ya mtoto wake wa kwanza, watu wanamwambia atumie akili, afikirie muziki wake. Gitaa la Carlos Santana linaanza taratibu, ngoma zinaingia kwa mwendo wa gwaride, na mwishoni kwaya inaupokea wimbo mzima. Mimi hapo huacha kila ninachofanya.

Alikuwa na miaka 23 tu! Mwaka 1999 akachukua tuzo 5 za Grammy, ikiwemo ya Albamu ya Mwaka, ambayo hakuna albamu ya hip hop iliyowahi kuipata kabla yake. Wanamuziki walioshirikiana naye walimshtaki wakidai kutambuliwa kwa kazi yao, wakamalizana mwaka 2001. Ni vizuri ulijue hilo pia, maana kazi kubwa namna hii ina mikono mingi. Hata piano ya Everything Is Everything imepigwa na mwimbaji John Legend, enzi hizo bado mwanafunzi wa chuo.

Hajatoa tena albamu ya studio ya peke yake. Inaniuma, lakini hii inanitosha.

Usisome maoni ya mtu kwanza. Sikiliza, kisha uniandikie wimbo gani umekushika na kwa nini.

Wako akupendaye