Tusiupuuze ucheshi wa Ama Ata Aidoo

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linalonikera kila ninapoona marehemu Ama Ata Aidoo wa Ghana akitajwa katika kurasa zetu za fasihi. Tangu alipofariki tarehe 31 Mei 2023, anakumbukwa kwa mambo makubwa yasiyo na ubishi: kwamba tamthilia yake ya kwanza ilichapishwa mwaka 1965 akiwa bado kijana, kwamba mwaka 1982 aliteuliwa kuwa Waziri wa Elimu katika serikali ya Jerry Rawlings, akajiuzulu kabla ya kutimiza miaka miwili na kuhamia Zimbabwe, na kwamba aliwatetea wanawake hadi uzeeni. Linaloachwa ni kwamba alikuwa mcheshi mno, na kwamba ucheshi wake mkali kuliko wote aliutumia kuandika juu ya mapenzi na ndoa za wanawake wa mjini wenye kazi na mishahara yao.

Ushahidi uko katika riwaya yake ya mwaka 1991, Changes, iliyopata Tuzo ya Waandishi ya Jumuiya ya Madola kwa upande wa Afrika mwaka uliofuata. Mwanzoni mwa kitabu Aidoo anakiri kwamba aliwahi kutamka hadharani kuwa hawezi kuandika habari za wapendanao wa Accra ilhali yapo mambo mengine muhimu zaidi, na kwamba sasa anayameza maneno yake. Naamini walimu na wachapishaji wetu wengi wangali wamesimama pale alipotoka yeye.

Esi, mhusika mkuu, ni mtaalamu wa takwimu mwenye kipato kizuri kuliko mumewe Oko, ambaye ni mwalimu. Asubuhi moja Oko anamwingilia kwa nguvu. Esi anakwenda kazini, na akiwa ofisini anajiona kichwani mwake akiwasilisha mada juu ya kitendo hicho mbele ya hadhira ya wasomi, huku wakimzomea. Msomaji anacheka, kisha kicheko kinamkwama kooni, kwa kuwa anazijua hoja zote za wazomeaji hao na huenda yeye mwenyewe amewahi kuzitoa. Sijui njia nyingine ambayo ingelifikisha jambo hilo kwa nguvu kiasi hicho katika kurasa chache.

Esi anaachana na Oko, kisha anakubali kwa hiari yake kuwa mke wa pili wa Ali, mfanyabiashara mtanashati mwenye wakala wa safari. Hesabu yake ni kwamba mume asiyekuwapo kila siku atamwachia muda wa kazi yake. Anapokwenda kijijini kuomba ushauri, bibi yake anamwambia kuwa mwanamume wa mwisho ambaye mwanamke angefaa kufikiria kuolewa naye ni yule anayempenda. Ali naye anazidi kuadimika, na zawadi zinakuja badala yake, likiwamo gari jipya.

Gari kuukuu la Esi linamwendea rafiki yake Opokuya, muuguzi mwenye watoto wanne, ambaye kila asubuhi hugombana na mumewe juu ya nani atachukua gari la nyumbani, ingawa mume akishafika ofisini huliegesha tu kutwa nzima. Mzozo huo mdogo unachekesha kweli, lakini ndani yake imo ndoa yote: nani anahesabiwa kuwa na safari muhimu, na nani anatarajiwa kupambana na foleni na mabasi kisha awapikie watu sita.

Wasomaji wa Kiswahili wangeyaelewa haya bila kufafanuliwa. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inaitambua ndoa ya wake wengi, na mtu aliyekulia katika mipasho ya taarabu hahitaji kufundishwa jinsi wanawake wanavyoweza kusema jambo zito kwa maneno ya kuchekesha. Isitoshe, Mariama Bâ wa Senegali tunaye tayari katika Barua Ndefu Kama Hii, ambamo mke anaolewewa bila kuulizwa. Aidoo anaingia katika ukewenza huohuo kwa mlango wa pili, akiwa na yule anayekuja, mwenye shahada na gari, aliyechagua mwenyewe na bado akaumia. Vitabu hivi viwili vingesomwa pamoja, wanafunzi wetu wa sekondari wangekuwa na mjadala wa maana kuliko ule wa kuulizana tu nani ana makosa.

Lakini hadithi ya namna hii ikimfikia mchapishaji, huitwa "ya mapenzi" na kuwekwa kando kana kwamba si fasihi, huku magazeti yetu yakijaza safu za mahusiano zinazomfundisha mwanamke jinsi ya kumshika mume na mara chache sana zikimuuliza yeye anataka nini.

Kwa hiyo nakuomba, Mhariri, ukurasa wako wa fasihi uijadili riwaya hii kwa kina, pamoja na hadithi fupi alizozitoa mwaka 2012 katika Diplomatic Pounds, na umtafute mchapishaji mmoja wa hapa nchini aeleze kama yuko tayari kununua haki za kuzitoa kwa Kiswahili. Akisema hapana, basi atupe sababu zake, nasi wasomaji tupewe nafasi ya kumjibu.

Mwalimu wa fasihi,
Morogoro