Kempavani ya mtu mmoja: mjane akague nini kabla ya kulipa

Wengi wanaotupigia simu kuhusu kempavani zilizotumika ni wajane, wanawake kwa wanaume. Wamefanya kazi hapa Uingereza miaka mingi, hospitalini, kwenye nyumba za wazee, kwenye mabasi, na walikuwa na mpango na mwenzao: watoto wakishajitegemea tutanunua gari la kulala ndani, tutazunguka Scotland na Wales, tukijaliwa tutavuka hadi Ufaransa. Mwenzao katangulia mbele ya haki, na mpango umemwachia mmoja.

Kwanza, poleni sana. Kiu ya kuondoka kidogo, kwenda mahali ambapo hakuna kiti chake wala koti lake mlangoni, hatuioni kuwa wazimu hata kidogo, ingawa baadhi ya ndugu watakuuliza mtu mzima anakwenda kulala njiani peke yake kwa shida gani. Sisi ni gereji ndogo. Hatuuzi magari; tunayakagua kwa niaba ya mnunuzi. Kwa hiyo tunaweza kusema wazi jambo ambalo muuzaji hana sababu ya kulisema: usinunue gari mlilopanga mkiwa wawili. Nunua la mtu mmoja, na usilipe hata pauni kabla hujaifanya kila kazi ya gari hilo kwa mikono yako mwenyewe.

Mkiwa wawili, gari la mita saba lina raha yake. Mmoja anaendesha, mwingine anashuka, anasimama nyuma: njoo, njoo, kata kulia, hapo hapo. Mmoja anachomeka umeme, mwingine anamwaga choo. Ukibaki peke yako, kazi zote ni zako, tena gizani na mvuani. Kitanda kikubwa cha nyuma kinakuwa mzigo unaoubeba kila siku. Wengine hutuambia wanataka vitanda vinne kwa ajili ya wajukuu. Wajukuu watakuja mara chache, na wakija watafurahia hema kuliko kitanda. Siku nyingine zote za mwaka utakuwa unaendesha nafasi tupu na kuilipia mafuta.

Kuhusu haraka: mwanamke wa Kiislamu ana eda ya miezi minne na siku kumi, na familia nyingi, za dini yoyote, husubiri arobaini ipite. Muda huo uacheni ufanye kazi yake. Kuna mambo ya karatasi ya kumaliza kwanza. Kama bima ya gari la nyumbani ilikuwa kwa jina la marehemu, piga simu kwa kampuni ya bima kabla hujaliendesha tena, maana huenda huna kinga yoyote. Kodi ya gari nayo haihamii kwa mmiliki mpya. Hivyo ndivyo ilivyo tangu Oktoba 2014. Na kama hujafikia umri wa pensheni ya serikali, ulizia malipo ya wafiwa mapema: ili uyapate yote, maombi yanatakiwa yaingie ndani ya miezi 3 ya kifo. Hayo hayahusu gereji yetu, lakini tumeona watu wakiyakosa kwa kutojua.

Angalia pia leseni yako. Waliofaulu mtihani hapa kuanzia 1 Januari 1997 wanaruhusiwa gari la hadi kilo 3,500. Waliofaulu kabla ya hapo wanaweza kuendesha hadi kilo 7,500, ila wakifika miaka 70 ruhusa hiyo haiendelei bila kupimwa na daktari. Kilo 3,500 ni uzito wa gari likiwa limepakiwa, pamoja na wewe, maji, gesi, vyombo na gunia la mchele. Maji ya lita 100 ni kilo 100. Hapo msafiri wa peke yake ana nafuu kubwa.

Magari gani basi? Anayetaka dogo kabisa, la kuingia hata kwenye maegesho ya dukani, hutazama Volkswagen, Toyota HiAce iliyogeuzwa, au Mazda Bongo Friendee. Bongo hilo lilitengenezwa kuanzia 1995 hadi 2005 na mengi yaliletwa hapa yakiwa yametumika Japani. Ni zuri kwa mtu mmoja, na mengine yana paa linaloinuka kwa kubonyeza swichi. Lakini injini iko chini ya viti vya mbele na mipira ya maji ya rejeta ni mirefu. Maji yakivuja taratibu dereva hajui, injini inachemka, silinda hedi inakwisha. Tukikagua Bongo tunaanza na mipira hiyo, kisha kutu ya chini, ndipo mengine.

Juu kidogo kuna yaliyojengwa juu ya Fiat Ducato. Peugeot Boxer na Citroën Relay ni ndugu zake wa tumbo moja, kwa hiyo vipuri havisumbui. Jihadhari na sifa ya maili chache. Kempavani ya miaka kumi na tano yenye maili 25,000 imesimama sana, na kusimama kunaumiza gari: taimingi belti inazeeka kwa miaka hata kama haijazunguka, breki zinashika kutu, matairi yanakauka. Ubavuni mwa tairi tafuta tarakimu nne. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kashata, yaani meno ya tairi, inaweza kuwa nzima kabisa na mpira ukawa umepasukapasuka. Tairi lililopita miaka saba sisi tunalihesabu kuwa la kubadilisha, na gharama hiyo ikatwe kwenye bei.

Mnaoishi London mna sharti jingine. Tangu 29 Agosti 2023 ukanda wa hewa safi umefunika mitaa yote ya jiji, na gari la dizeli lisilofikia kiwango cha moshi cha Euro 6 hulipa pauni 12.50 kila siku linapotembea humo. Kempavani nyingi za bei nafuu ni dizeli za kabla ya 2016. Ingiza namba ya gari kwenye tovuti ya Transport for London kabla hujapoteza nauli kwenda kuliona.

Sasa adui mkubwa, ambaye hata fundi mzuri wa injini humkosa: unyevu. Kempavani nyingi kuukuu zina mwili wa mabati membamba juu ya fremu ya mbao, na maungio yamezibwa kwa gundi laini. Miaka ikipita gundi inakauka na kupasuka. Maji hayaingii kwa kishindo. Yanapenya kwenye kona ya paa, kwenye fremu ya dirisha la juu, kwenye tundu la skrubu, yanashuka ndani ya ukuta, na mbao inaoza huku karatasi ya ukutani ikipendeza. Fungua kabati lililo juu ya kitanda, toa kilichomo, ingiza mkono hadi kona ya mwisho, ubonyeze kwa dole gumba. Ukuta mzima unakataa. Ulioliwa na maji unabonyea kama boflo lililoloa. Inua godoro uguse mbao za chini. Fungua tundu la gurudumu kwa ndani kama linafikika. Ukikuta gari limepuliziwa manukato hadi macho yanawasha, toa vitakia vyote unuse chini yake, na muulize muuzaji anaficha harufu gani.

Sisi tunapima kwa kipimo cha unyevu, kona baada ya kona, na tunaandika kila namba kwenye mchoro wa gari. Hadi asilimia 15 hatuna neno. Kati ya 15 na 20 tunatafuta sababu. Ikizidi 20 kuna maji yanayoingia, na ikifika 30 mara nyingi mbao imekwisha oza na matengenezo yanaweza kula nusu ya bei ya gari. Mteja wetu mmoja, mama wa Tanga, aliambiwa na muuzaji kwamba doa la kona ya nyuma ni la chai. Kipimo kilisoma 28 mahali pale na 12 upande wa pili. Chai haipandi hadi darini. Ukiweza, nenda kutazama gari siku moja baada ya mvua kubwa. Jua la Juni linasitiri mengi. Ukichoka na hofu ya unyevu, tafuta gari lenye mwili wa faiba uliomiminwa kipande kimoja, kama Romahome ndogo. Maungio ni machache, na tunayapenda kwa wasafiri wa peke yao.

Likishapita hapo, funga mlango ufanye kazi zako, na sisi tutakaa nje tukusubiri. Tandika kitanda kuanzia mwanzo hadi mwisho, kisha ukikunje. Inua paa na ulishushe. Chomoa betri ya sehemu ya kuishi, uirudishe. Toa sanduku la choo, libebe hatua kadhaa ukifikiri limejaa. Nyanyua mtungi wa gesi: ule mwekundu wa kilo 13 ukijaa unakaribia kilo 30 pamoja na chuma chake, na kama mgongo unalalamika gereji, utalalamika zaidi kisiwani Skye, Scotland. Mwekundu ni propeni, wa buluu ni byuteni. Byuteni inagoma kutoka kwenye mtungi baridi ikikaribia nyuzi 0, kwa hiyo msafiri wa Novemba anahitaji propeni. King'ora cha hewa ya sumu ya kaboni monoksaidi lazima kiwepo, kiwe kinalia ukikibonyeza, na usiku usipikie ndani ukiwa umeziba matundu ya hewa kwa baridi.

Kitu kimoja tunakishikilia kuliko vyote kwa mtu anayelala peke yake: uweze kutoka kitandani hadi kwenye usukani bila kufungua mlango. Usiku ukisikia jambo usilolipenda, unawasha gari na kuondoka. Gari lenye ukuta kati ya kitanda na kiti cha dereva hatulipendekezi kwako, hata likiwa zuri namna gani.

Pesa zako zilinde. Ukinunua kwa mfanyabiashara, sheria ya haki za mlaji ya 2015 inakupa siku 30 za kulirudisha gari lenye kasoro. Ukinunua kwa mtu binafsi huna kinga hiyo; anachodaiwa ni kwamba gari liwe lake na liwe kama alivyolieleza. Historia ya MOT, ukaguzi wa gari wa kila mwaka, inasomwa bure kwenye tovuti ya serikali, GOV.UK, kwa namba ya gari tu, na utaona kama maili zimerudishwa nyuma. V5C, yaani kadi ya usajili wa gari, si ushahidi wa umiliki. Gari linaweza kuwa na kadi safi na bado lina deni la benki, basi lipia uhakiki wa deni. Amana ya gari ambalo hujaliona usitume, hata akikuambia kuna watu watatu wanaligombania.

Na kabla ya yote hayo, kodi gari la aina hiyo kwa wikiendi moja. Wengine wakilala usiku wa kwanza wanagundua wanataka hoteli, na hilo ni bora lijulikane kwa gharama ya wikiendi. Chagua kiwanja kidogo. Vyama vya kempavani vina vingi vya mashambani visivyozidi magari matano, ambako mwenye shamba atakusalimia asubuhi. Scotland sheria ya 2003 ya uhuru wa kutembea haihusu gari, hivyo usidhani unaweza kuegesha na kulala popote.

Ukiwa na gari unalolifikiria, tutumie namba yake ya usajili, picha ya kona nne za paa kwa ndani, picha ya tarakimu za matairi yote, na ukurasa wa kitabu cha sevisi unaoonyesha belti ilibadilishwa lini. Tutakuambia kama linastahili safari, na bei ya ukaguzi utaijua kabla hatujaondoka. Siku ya ukaguzi njoo mwenyewe. Wateja wetu wengine hunyamaza ghafla wakitazama kiti cha abiria. Hatuna haraka, tunasubiri. Vaa viatu vya kupandia ngazi, njoo na shuka lako, na kama unaye mtoto au rafiki wa kukusindikiza, aje, ila kitanda utatandika wewe.