Barua ya wazi kwa Waziri wa Mawasiliano: Meseji iliyoandikwa nimelala

Mheshimiwa Waziri,

Pole na majukumu. Mimi ni admini wa kundi la mtandaoni la watu wanaoishi na kisukari. Tuko kama mia sita. Silipwi, sina ofisi, na kitendea kazi changu ni simu yenye kioo kilichopasuka pembeni. Nakuandikia kabla kalamu ya wizara yako haijafika kwenye kile kifungu cha sheria ya mtandaoni mnayoiandika, kinachosema msimamizi wa kundi atawajibika kwa maneno ya wanachama wake.

Mwaka jana niliamka alfajiri moja nikakuta meseji 217. Nyingi zilikuwa za kawaida: sukari imepanda, sindano inauma, nani ana kipimo cha ziada. Katikati yake, saa nane na dakika kumi na mbili usiku, mwanachama mmoja alikuwa amemwita muuza dawa tapeli, kwa jina lake kamili, na picha ya duka juu. Niliifuta kabla sijapiga mswaki. Wiki iliyofuata wakili wa muuza dawa akaniandikia mimi, si aliyeandika. Alitaka fidia. Tulimalizana kwa kuombana radhi, ila maadmini wenzangu wawili walijitoa siku hiyo hiyo, na sikuwa na neno la kuwazuia.

Kilichoniuma ni hoja yenyewe. Kwa kuwa nimeweka kanuni na huwa nafuta matusi, alisema wakili, basi nimejifanya mhariri, na mhariri hubeba lawama. Hoja hiyo ni ya zamani. Mwaka 1991 mahakama moja ya New York iliinusuru kampuni ya huduma za mtandao ya CompuServe na kesi ya kuchafua jina kwa sababu haikuwa ikikagua yaliyowekwa na wengine kwenye mtandao wake. Mwaka 1995 mahakama nyingine ya huko huko ikaamua kwamba Prodigy, kampuni ya huduma kama hiyo, ihesabiwe kuwa mchapishaji, kwa kuwa ilikuwa na kanuni, programu ya kuchuja matusi na watu wa kusimamia mijadala. Aliyefagia akabanwa, aliyeacha takataka akapona. (Mdai alikuwa Stratton Oakmont, kampuni ya udalali wa hisa iliyokasirika kuitwa ya kitapeli. Miaka michache baadaye wakubwa wake walikiri ulaghai wenyewe mahakamani.) Mwaka 1996 Bunge la Marekani likarekebisha mambo kwa Kifungu cha 230 cha sheria yao ya mawasiliano: mwenye jukwaa si mchapishaji wa maneno ya mwingine, na habanwi kwa kuondoa uchafu kwa nia njema.

Sikuombi ukinakili. Kivuli chake kimekuwa kipana mno kwa kampuni kubwa, na aliyechafuliwa jina huhangaika kumpata wa kumdai. Mimi navutiwa zaidi na majaji wa India. Mahakama Kuu ya Bombay mwaka 2021, kisha ya Kerala mwaka 2022, ziliitazama kazi ya admini kama ilivyo: anaweza kuingiza mtu na kumtoa, basi. Hawezi kuiona meseji kabla haijatumwa. Kwa hiyo hashtakiwi kwa kosa la mwanachama, isipokuwa ionekane walikuwa na nia moja. Ni sentensi chache tu, lakini zingenipa usingizi.

Jambo la pili ni saa. Najua wataalamu wako watakushauri uweke muda: futa ndani ya saa 24, la sivyo faini. Ufaransa walijaribu mwaka 2020. Baraza lao la Katiba likaliondoa sharti hilo kabla halijaanza kutumika, kwa sababu mtu anayekimbizwa na faini hafuti kilicho haramu tu, hufuta kila anachokitilia shaka. Nami ningefanya hivyo hivyo. Mgonjwa akilalamika kwamba amepewa dawa iliyokwisha muda, ningefuta kwanza, na ukweli ungejulikana baadaye kama ungejulikana.

Picha za kudhalilisha watoto sizisemei hapa. Hizo nikiziona ziondoke papo hapo na taarifa ifike polisi. Nasemea maneno yanayobishaniwa. Hayo, anayelalamika aonyeshe ni meseji ipi na kosa lake ni lipi, aliyeandika aambiwe na apewe nafasi ya kujibu, na wakishindwana hakimu aamue. Hakimu akisema futa nami nikakaidi, hapo nistahili adhabu. Na anayetuma malalamiko ya uongo ili kumnyamazisha mwenzake naye awe na gharama yake. Kwa sasa hana hata senti ya kupoteza.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ukitaka kuupima wetu, nitakuingiza kundini kwa usiku mmoja, nikupe na uadmini. Meseji huanza kumiminika saa saba.

Wako,
Admini wa kundi la kisukari